VIGAE VYA MTARAKWA, PAANI NA UKUTANI

Hakuna mtu mwenye akili atakayeyadharau mabati. Yamewaondolea watu taabu ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache, yamewapa maji ya mvua ya kunywa, na fundi wa kawaida aweza kuifunika nyumba nzima kwa siku mbili. Hata hivyo, katika sehemu za baridi, tangu Limuru mpaka Kinangop, na tangu Molo mpaka Nyahururu, wako wenye nyumba ambao mvua ya mawe inapopiga juu ya vichwa vyao usiku hawawezi hata kusemezana, na kunapopambazuka hukuta matone ya jasho la bati yakidondoka juu ya blanketi. Hao ndio wanaouliza habari za vigae vya mbao.

Kigae cha mbao ni kipande chembamba, ambacho urefu wake kwa kawaida ni inchi 16, 18 au 24, kinene upande wa chini na chembamba upande wa juu. Vipande hivyo hupangwa safu juu ya safu kama magamba ya samaki. Ubao haupitishi baridi upesi kama bati, wala haupigi kelele. Lakini kazi hii hula fedha nyingi, na ubaya wake hauonekani siku ya kuhamia. Huonekana katika masika ya tatu au ya nne, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake, na muuzaji haukumbuki tena uso wa mnunuzi.

Mti unaostahili kazi hii katika Kenya ni mtarakwa, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, na Wakalenjin tarakwet. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Juniperus procera. Huota katika milima ya Arabuni upande wa kusini-magharibi, Uhabeshi, Kenya na Tanzania, na kuendelea kusini hata Zimbabwe. Mti uliokomaa hufikia futi 100 na zaidi. Moyo wake ni mwekundu wenye kuelekea rangi ya hudhurungi, na harufu yake ni ile ile ya kalamu ya risasi inapochongwa, maana zamani viwanda vya kalamu vya Ulaya viliutafuta sana mti huu. Huko Shume, katika milima ya Usambara, Wajerumani walijenga njia ya waya kabla ya vita vya 1914 ili kuyateremsha magogo ya mtarakwa mpaka Mkumbara penye reli.

Katika Kenya masetla wengi waliziezeka nyumba zao kwa vigae vya mtarakwa, na mashamba yao wakayazungushia nguzo zake. Nguzo hizo ni ushahidi ulio bora kuliko maneno ya muuzaji ye yote. Mchwa, ambao huitafuna nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa hali mwenyewe akitazama, huupita mtarakwa na kwenda kutafuta chakula kingine.

Lakini sifa hizo zote ni za moyo wa mti tu. Sehemu ya nje, iliyo nyeupe chini ya gome, haina nguvu hizo hata kidogo. Huoza na kuliwa kama ubao mwingine wo wote. Basi kigae chenye ukanda mweupe ubavuni ni kigae nusu, hata kama bei yake ni ya kigae kizima. Na hapa ndipo mnunuzi anapoanza kazi yake.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anachouziwa ni mtarakwa. Jina la mwerezi, na hilo la Kiingereza wanalolitumia wauzaji, limebeba miti mingi isiyo na undugu wa karibu. Mwerezi wa Lebanoni unaotajwa katika Biblia ni mti mwingine. Mwerezi mwekundu wa Canada na Marekani, ambao vigae vyake husifiwa katika vitabu vingi vya ujenzi, ni mti mwingine tena. Tena uko msaipresi, mti wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, uliopandwa kwa wingi sana katika nyanda za juu za Kenya. Msaipresi ni mti mwema kwa kazi nyingi, na vigae vyake vyaweza kutumiwa vikitiwa dawa kwanza. Ila haudumu kama mtarakwa, na kuununua kwa jina la mtarakwa ni kuibiwa mchana. Ubao wake ni wa rangi ya manjano hafifu au kahawia nyepesi. Lakini rangi yaweza kupakwa, na vumbi la yadi huficha mengi. Mnunuzi mwerevu husema maneno machache:

“Kijana wangu, huu ni mtarakwa kweli?”

“Kweli kabisa, mzee. Mtarakwa wa mlimani.”

“Basi nipasulie kimoja nione ndani.”

“Mzee, nikikipasua nani atakinunua?”

“Mimi nitakilipia.”

Bei ya kigae kimoja ni ndogo kuliko bei ya paa. Kikipasuka, wekundu wa ndani utaonekana, na harufu ya kalamu ya risasi itapanda puani mara moja. Muuzaji akikataa kupasua hata kwa malipo, amekwisha kujibu swali.

Baada ya hapo na atazame nyuzi za ubao kwenye ncha ya kigae. Mti hukua kwa pete, pete juu ya pete, nazo huonekana kama mistari. Katika kigae kizuri mistari hiyo husimama wima, kutoka uso mmoja wa kigae mpaka uso wa pili. Katika kigae kibaya mistari imelala, sambamba na uso. Kilicholala kitabetuka jua litakapokipiga baada ya mvua. Ncha zake zitainuka kama ukurasa wa kitabu kilicholowa, na upepo utaingiza maji chini yake. Jambo hili ni dogo kwa kulisema, lakini limeharibu mapaa mengi kuliko mchwa.

Vigae hufanywa kwa njia mbili. Vingine hukatwa kwa msumeno, navyo huwa laini na vya unene ulio sawa. Vingine hupasuliwa kwa shoka au kisu kizito cha kupasulia, navyo huwa na uso wenye makwaruzo. Watu wengi hudhani kwamba cha msumeno ni bora kwa kuwa kinapendeza. Sivyo daima. Msumeno hukata po pote unapoelekezwa, hata ukizikatiza nyuzi. Shoka hufuata nyuzi zenyewe, na maji nayo huzifuata kushuka chini bila kupenya. Kwa ukuta unaotazamwa na wageni, cha msumeno chafaa. Kwa paa la nchi ya mvua, kilichopasuliwa vizuri hakina haja ya kuona haya, mradi fundi apate vinavyolaliana bila mianya.

Vifundo vikataliwe, hasa vikiwa katika nusu ya chini ya kigae, maana kifundo hukauka, huchomoka, na kuacha tundu. Kadhalika vipande vyenye mashimo madogo au madoa yaliyolegea. Mitarakwa mingi iliyozeeka huwa imeliwa na kuvu katika moyo, ingali imesimama. Kwa nje ni mti wa fahari, kwa ndani ni mvungu. Kwa sababu hiyo magogo mengi hayatoi mbao ndefu, bali hutoa vipande vifupi vinavyofaa kwa vigae. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya ni pale mpasuaji anaposhindwa kukitupa kipande kilichokwisha kuguswa na kuvu.

Sasa yafuata hesabu, na mwenye nyumba asimwachie fundi peke yake.

Kigae cha inchi 18 kikiwekwa juu ya paa hakionyeshi inchi 18. Kinapaswa kuonyesha inchi 5 na nusu tu, na sehemu nyingine yote hufunikwa na safu zilizo juu yake. Kwa kigae cha inchi 16 huonyeshwa inchi 5, na kwa cha inchi 24 inchi 7 na nusu. Kwa kufanya hivyo kila mahali pa paa huwa na vigae vitatu, kimoja juu ya kingine. Hiyo sehemu isiyoonekana ndiyo inayozuia mvua. Ile inayoonekana hupigwa na jua tu na kusifiwa na wapita njia.

Tazama basi jinsi tamaa inavyoingia. Eneo la futi 100 za mraba ni inchi za mraba 14,400. Kigae chenye upana wa inchi 6, kikionyesha inchi 5 na nusu, hufunika inchi za mraba 33. Kwa hiyo eneo hilo litataka vigae 437, bila kuhesabu vitakavyovunjika. Fundi akikivuta kigae hicho hicho mpaka kionyeshe inchi 9, kitafunika inchi za mraba 54, na vigae 267 vitatosha. Amepunguza vigae 170 katika kila futi 100 za mraba! Paa litapendeza vile vile, na mwenye nyumba ataambiwa kwamba fundi amemwokolea fedha. Lakini sasa kila mahali pana vigae viwili tu, na palipo na mwanya kati ya kigae na kigae pana kimoja. Mvua ya kwanza yenye upepo itaupata mwanya huo. Wako mafundi wafanyao hivyo kwa kutojua, na wako wanaokubaliana bei kwa vigae 437 na kupigilia 267. Mwenye nyumba apande ngazi siku ya pili ya kazi na rula mkononi. Siku ya pili safu bado ni chache, na kuzing'oa si hasara kubwa.

Safu ya kwanza kabisa, iliyo ukingoni, hupigwa mara mbili, kigae juu ya kigae, maana hapana safu nyingine chini yake. Kati ya kigae na jirani yake uachwe mwanya wa robo inchi, kwa kuwa ubao hunywa maji na kuvimba. Vikibanana sana, vitasukumana na kupinda. Mwanya wa safu moja usiwe juu ya mwanya wa safu iliyo chini yake. Uachane nao kwa inchi moja na nusu angalau. Kila kigae kipigwe misumari miwili, isizidi, hata kikiwa kipana, na kila mmoja uwe karibu robo tatu ya inchi kutoka ubavuni, na inchi moja juu ya mstari utakaofunikwa. Misumari iwe ile iliyochovywa katika zinki, au ya chuma kisichoshika kutu. Msumari mtupu wa chuma hauelewani na ubao wa jamii hii; hutoa machozi meusi yanayoteremka juu ya vigae, kisha huliwa na kutu, na kigae kikabaki kizima hali msumari umekufa.

Mwinamo wa paa nao ni jambo kubwa. Vigae vya mbao havifai kwa paa lililolala. Kwa kila futi moja ya kwenda ndani, paa lipande inchi 4 kwa uchache. Katika mahali penye mvua na ukungu, inchi 6 na zaidi ni bora, ili maji yaende zake upesi na ubao ukauke kabla ya usiku. Chini ya vigae zipigwe fito zilizoachana, ili hewa ipite na kuukausha ubao kwa nyuma. Mti mkubwa unaolifunika paa kwa kivuli upunguzwe matawi, maana chini ya kivuli huota ukoga, na ukoga hushika maji kama sponji.

Liko neno moja ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, nalo ni moto. Ubao ni kuni. Tarehe 17 Septemba 1923, moto ulioletwa na upepo kutoka vilimani uliingia katika mji wa Berkeley, California, ukateketeza nyumba zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa na mapaa ya vigae vya mbao, na cheche ziliruka kutoka paa hili hata lile. Mwaka 1991, katika vilima vya Oakland, karibu na mahali pale pale, moto wa namna hiyo uliua watu 25. Siku hizi viko vigae vya mwerezi wa Canada vilivyotiwa dawa ya kuzuia moto kiwandani kwa nguvu ya mashine, na katika sehemu nyingi za Marekani sheria haikubali paa la vigae visivyotiwa dawa hiyo.

Katika shamba la Kenya hatari haitoki mbali, imo jikoni. Mahali panapopikwa kwa kuni pasifunikwe kwa vigae vya mbao. Jiko lijengwe mbali kidogo na nyumba, nalo liezekwe kwa mabati. Nyumba kubwa ikiwa na mahali pa moto pa kuota, bomba la moshi lipande juu kupita kilele cha paa, kinywani liwekwe wavu wa chuma, na masizi yaondolewe kila mwaka. Asiyekuwa tayari kwa taabu hiyo na abaki na mabati, wala hatakuwa amepungukiwa na heshima.

Mabati ya jikoni yatafaa kwa jambo la pili pia. Maji yanayoteremka juu ya vigae vipya vya mwerezi hubeba rangi na dawa ya asili iliyomo katika ubao, na vikiwa vimetiwa dawa ya kiwandani, hubeba na hiyo. Si maji ya kuyaweka katika tangi la kunywa. Familia inayotegemea mvua kwa maji ya nyumbani ihesabu kwanza kama mabati ya jiko na ghala yatatosha kulijaza tangi lao. Yasipotosha, yafaa waliache wazo la paa la vigae na kuvitumia ukutani.

Kwa kweli ukutani ndipo vigae hivi vinapopata raha yao. Mvua haisimami ukutani, jua halipigi kutoka juu moja kwa moja, na cheche za jirani hazitui. Huko vigae viwili kwa unene vyatosha, kwa hiyo cha inchi 18 chaweza kuonyesha mpaka inchi 8 na nusu, na gharama hupungua sana. Nyuma yake kuwe na karatasi ya lami, na fito zinazoacha nafasi ya hewa. Safu ya chini isikaribie ardhi. Ikome inchi 6 au 8 juu yake, maana maji yanayoruka kutoka chini huchafua na kuozesha, tena ukuta ulio wazi chini humwezesha mwenye nyumba kuona njia ya mchwa ikipanda kwenda kwenye fremu, ambayo huenda si ya mtarakwa.

Kwa upakaji, maneno ni machache. Vikiachwa bila kitu, vigae vitageuka rangi ya fedha, na wengine huipenda. Atakaye kuulinda wekundu wake atumie mafuta ya mbao yanayopenya, arudie kila baada ya miaka michache. Vanishi hubanduka vipande vipande. Mafuta machafu ya gari, ambayo wengi huyasifu kwa sababu ni ya bure, hunuka, huingia katika udongo, na kuuongezea moto chakula.

Jambo la mwisho la kuulizwa katika yadi ni mti ulitoka wapi. Mtarakwa hukua polepole sana. Aupandaye leo, watakaoukata ni wajukuu. Wezi wa misitu huutamani kwa ajili ya nguzo, na sehemu nyingi zimekwisha kuvuliwa. Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma. Ijapokuwa mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuliondoa katazo hilo, akitaja miti iliyokomaa na kuozea msituni, hilo halimpi mtu ruhusa ya kuingia msituni na shoka. Mbao husafirishwa kwa kibali cha Idara ya Misitu ya Kenya. Mnunuzi akitaka kukiona kibali, hafanyi ufidhuli. Lori likikamatwa njiani, vigae vitakavyokaa kituoni vikinyeshewa ni vyake.

Wako pia wanaopata mtarakwa bila kukata mti wo wote, kwa kununua nguzo kuukuu za fensi kutoka mashamba yanayogawanywa. Nguzo ya miaka mingi, ikikatwa ncha iliyokuwa ardhini na kung'olewa misumari ya senyenge, mara nyingi ndani yake ni nyekundu na ngumu kama siku ilipochimbiwa. Mpasuaji avae kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mbao za namna hii huchokoza kifua.

Paa likiisha, mabunda mawili ya vigae yawekwe darini, mahali pakavu, yakiwa yametoka katika magogo yale yale. Kigae kimoja kikipasuka baada ya miaka kumi, fundi hukata misumari yake kwa kisu chembamba cha chuma kinachopenyezwa kutoka chini, huvuta kilichoharibika, na kusukuma kipya mahali pake. Ni kazi ya nusu saa, kwa mtu aliye na kigae cha kusukuma.